Samaki hapiganwi, huchoshwa

Msomaji anayewapeleka wageni kuvua bahari kuu huko Watamu anauliza: "Kwenye tangazo nimeandika, Njoo upigane na sulisuli kwa fimbo ya nzi. Mwenzangu anasema hicho si Kiswahili. Nani kasema kweli?"

Mwenzako, ndugu yangu, tena kwa mbali.

Nzi tumalizane naye haraka; katafsiriwa neno kwa neno kutoka "fly" ya Kiingereza. Kile si mdudu, ni manyoya na nyuzi zilizofungwa juu ya ndoana ili samaki adhani ni dagaa. Andika chambo cha manyoya. Na fimbo ni ya kuchungia ng'ombe; kinachopinda kama upinde bila kuvunjika ni ufito.

Linaloniudhi miaka yote ni hilo "upigane". Kiambishi -an- kinadai watu watendeane: nikupige, unipige. Sulisuli hataki kukupiga, anataka kukimbia. Lakini siku hizi kila kitu tunapigana nacho: rushwa, malaria, na sasa samaki. "Kupambana" nimechoka kuipinga, ipite. "Kupigana" na samaki, hapana!

Msikilize mvuvi wa mshipi (uzi wa kuvulia). Samaki akila, mvuvi hainui ufito. Anavuta mshipi kwa mkono mpaka ndoana izame. Samaki akichomoka mbio, anamwachia. Akiruka, anamlegezea.

Hilo la mwisho litazame vizuri. Sulisuli wa kilo 30 yuko hewani anatikisa kichwa, na sehemu nyembamba ya mshipi, kwa kanuni za rekodi za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, haizidi daraja la kilo 10 (uzito wa kuikata). Mvuvi anaelekeza ncha ya ufito kwa samaki, anasukuma mikono mbele, mshipi unalala, samaki anaanguka na hakuna kilichokatika. Yote hayo yamo katika "kumlegezea": kulegeza, kisha ile -e- ya kutendea, inayosema umelegeza kwa ajili yake. Akirudi majini anamkazia, ufito ukiwa chini, anamvuta kwa upande asioutaka mpaka ageuze ubavu. Hapo amemchosha.

Maneno manne ya kazi, kumwachia, kumlegezea, kumkazia, kumchosha, kila moja na wakati wake, halafu unayafukia yote kwa ngumi moja ya "kupigana"!

Andika: "Njoo umchoshe sulisuli kwa chambo cha manyoya." Na mwenzako mwombe radhi.