Asilimia 81 ya Warusi: namba ile inapima nini hasa?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Nasoma takwimu mwaka wa pili, niko Morogoro. Tulibishana bwenini kuhusu vita vya Ukraine. Mwenzangu alitoa takwimu kwamba Warusi zaidi ya 80 katika kila 100 waliunga mkono jeshi lao baada ya uvamizi. Mimi nikamwambia hizo ni za kupikwa: nchi ambayo runinga yote ni ya serikali na neno "vita" linakupeleka mahakamani, nani atasema ukweli? Yeye akashikilia kuwa waliofanya utafiti si wa serikali. Nani kati yetu yuko sahihi? Na je, kitakwimu ipo njia ya kumpima mtu anayeficha? Nimesikia habari za "jaribio la orodha" na ningependa kulitumia kwenye mradi wangu kuhusu wizi wa mitihani. Nina wahojiwa 120.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mmekosea wote wawili, ila mwenzako amekosea kidogo kuliko wewe.

Namba anayoisema ni ya Levada, shirika huru la kura za maoni la Urusi, ya Machi 2022, mwezi mmoja tangu majeshi yavuke mpaka tarehe 24 Februari. Waliojibu "naunga mkono kabisa" walikuwa asilimia 53, na "naunga mkono kwa kiasi" 28. Jumla 81. Levada si kibaraka wa Kremlin. Ilizaliwa 2003, mwanasosholojia Yuri Levada na wenzake walipojitoa VTsIOM, shirika la utafiti la serikali, baada ya serikali kuwabadilishia uongozi. Tangu 2016 imebandikwa jina la "wakala wa kigeni", na jina hilo kwa Urusi si sifa. Wadadisi wake hupita nyumba kwa nyumba na kuhoji watu 1,600 hivi. Tena angalia kichekesho hiki: mwezi uleule VTsIOM ya serikali, kwa simu na kwa swali lake, ilipata namba ndogo kuliko ya Levada, kama asilimia 74. Kwa hiyo dhana kwamba kuna mtu alikaa ofisini akaandika 81 kwa kalamu iweke kando.

Ila namba isiyopikwa si lazima iwe imepima kile unachodhani.

Nilianza kazi hii kama mdadisi wa kawaida, dodoso mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Kijiji kimoja tulipangiwa kiongozi wa kututembeza, naye kila kaya alivuta kigoda akakaa nasi. Tulipouliza kuhusu huduma ya maji, wote waliridhika. Siku ya pili yule mzee akaenda msibani, tukamaliza kaya zilizobaki peke yetu, na maji ya kijiji kile yakageuka kuwa mabaya kupita kiasi. Bomba lilikuwa lilelile. Ndiyo maana Afrobarometer, wanaofanya tafiti huku kwetu pia, huuliza mwishoni mwa mahojiano: unadhani nani ametutuma? Wengi hujibu "serikali", hata kama wameambiwa mwanzoni kwamba sivyo. Mtu akiamini kwamba anaongea na serikali, majibu yake yote ya nyuma inabidi uyasome upya.

Sasa mpeleke mdadisi huyo Urusi. Tarehe 4 Machi 2022 ilitungwa sheria ya "habari za uongo" kuhusu jeshi, kifungo hadi miaka 15, pamoja na adhabu kwa "kulivunjia jeshi heshima". Julai mwaka huo diwani mmoja wa Moscow, Alexei Gorinov, alihukumiwa miaka 7 kwa maneno aliyosema kwenye kikao cha baraza. Mkazi mwingine wa jiji hilo alisimamishwa barabarani na mwandishi wa habari, akaulizwa maoni, akayatoa. Akaishia kushtakiwa na kutiwa hatiani. Huyo hakuandamana wala hakuandika popote. Alijibu swali tu, kazi ileile tunayowaomba wahojiwa wetu kila siku. Hata swali la Levada lenyewe halina neno vita: linauliza kama unaunga mkono "vitendo vya majeshi ya Urusi nchini Ukraine". Hivyo anayeulizwa anasikia maswali mawili kwa pamoja, la kuhusu sera na la kuhusu vijana wa mtaani kwake waliovalishwa magwanda. La pili ni gumu kulijibu "hapana", hata kama hakuna sheria yoyote.

Na runinga inaingia wapi? Wengi hudhani kazi yake ni kuwajaza watu imani. Mimi naona kazi yake kubwa ni kuwapa sentensi. Ndani ya siku chache za mwanzo msimamizi wa vyombo vya habari, Roskomnadzor, aliagiza vyombo vitumie taarifa rasmi tu na visiite jambo hili vita wala uvamizi. Ni "operesheni maalumu ya kijeshi". Redio Ekho Moskvy na runinga ya Dozhd zikanyamaza, Facebook ikazimwa, kisha Instagram. Kwenye runinga za serikali, Channel One na Rossiya 1, vipindi vya mjadala vikaongezwa, vya burudani vikapunguzwa. Yakarudiwa maneno machache mchana na usiku: "kuondoa Unazi", "hatukuwa na njia nyingine", na lile la kumziba mdomo mwenye shaka, "mlikuwa wapi miaka yote minane?", yaani tangu mapigano ya Donbas, mashariki mwa Ukraine, ya 2014. (Hata mlipuko kwenye habari zao huitwa "mlio". Mlio! Kana kwamba kuna mtu amefunga mlango kwa nguvu.)

Watafiti waliokaa na Warusi kwa mahojiano marefu, bila dodoso la kuchagua jibu, walikuta watu wakizitoa sentensi hizo moja baada ya nyingine, nyingine zikipingana. Ukimbana kidogo anakwambia "hatuujui ukweli wote", "wakubwa wanajua zaidi". Huyo hajashawishika, na mpinzani si. Ni mtu aliyepewa cha kusema ili maisha yaendelee, na mdadisi akibisha hodi anakipokea kitu hichohicho. Kwenye dodoso anahesabiwa "naunga mkono kwa kiasi".

Halafu ile 81 nayo inarudi runingani kuwa habari. Mtaalamu wa Kijerumani Elisabeth Noelle-Neumann alieleza miaka ya 1970 kwamba mtu anayejiona yuko peke yake hunyamaza, na ukimya wake humfanya wa pili ajione mpweke zaidi. Namba ya kura ya maoni ikitangazwa saa tatu usiku inamwambia mwenye shaka: majirani zako wote wako upande wa pili. Mwezi unaofuata mdadisi akija, unadhani atamjibu nini?

Haya, uliuliza njia ya kumpima anayeficha. Jaribio la orodha linakwenda hivi. Unawagawa wahojiwa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza unalisomea mambo manne yasiyo na hatari na kuuliza: unayaunga mkono mangapi? Idadi tu, asikutajie yapi. Kundi la pili unalisomea manne yaleyale pamoja na la tano, lile nyeti. Wastani wa kwanza ukiwa 2.1 na wa pili 2.7, tofauti ya 0.6 imetoka kwenye jambo la tano, yaani asilimia 60 wanaliunga mkono. Nani na nani, hujui, na hata anayekuhofia anajua kwamba hujui.

Philipp Chapkovski na Max Schaub walilifanya mtandaoni kwa Warusi zaidi ya 3,000, wakachapisha matokeo Aprili 2022. Walioulizwa moja kwa moja waliunga mkono vita kwa asilimia 68. Kwa orodha ikashuka hadi 53. Pointi 15 zilikuwa za hofu au adabu. Lakini iangalie vizuri hiyo 53 kabla hujamkimbilia mwenzako bwenini: bado ni zaidi ya nusu.

Njia hii ina gharama zake, na hapa ndipo wanafunzi wengi huanguka. Ya kwanza ni usahihi. Swali la moja kwa moja kwa watu 1,600 lina kosa la pointi 2.5 hivi juu au chini, kwa hesabu ya vitabuni. Wagawe hao 1,600 kwenye orodha, 800 kwa 800, na mchepuko sanifu wa idadi (kipimo cha majibu yanavyotawanyika) ukiwa 1: kosa sanifu la tofauti ni kipeuo cha pili cha (1/800 + 1/800), yaani 0.05, kwa hiyo kwa uhakika wa asilimia 95 unayumba pointi karibu 10. Kurudi kwenye 2.5 unahitaji sampuli mara 16. Ya pili: orodha ndefu inachosha, na watu huhesabu pungufu hata pasipo la kuficha. Timothy Frye na wenzake walipima umaarufu wa Putin mwaka 2015 kwa orodha zenye majina kama Stalin, Brezhnev na Yeltsin, wakakuta umaarufu ule kwa sehemu kubwa ni wa kweli. Waliporudia miaka kadhaa baadaye pengo likawa kubwa zaidi, lakini wao wenyewe wakatahadharisha kwamba sehemu ya pengo huenda imetengenezwa na kipimo chenyewe.

Kuna shimo jingine ambalo orodha hailizibi: waliofunga mlango. Chukua mfano wa kubuni. Unabisha hodi nyumba 1,000, wanakubali 300, na kati yao 240 wanaunga mkono. Unatangaza asilimia 80. Ikiwa wale 700 waliokataa wanaunga mkono kwa nusu tu, 350, basi ukweli ni 590 kwa 1,000, yaani 59. Levada imejitetea kwamba kiwango cha wanaokubali kuhojiwa hakikubadilika sana baada ya vita kuanza, na sina sababu ya kuwabishia. Ila kutobadilika kwa kiwango hakukuambii walionyamaza wanawaza nini.

Mimi mwenyewe huiacha ile 81 nikasoma maswali ya jirani yake. Oktoba 2022 Levada ilikuta asilimia 73 wanaunga mkono jeshi, na katika utafiti huohuo 57 wanataka mazungumzo ya amani. Mwaka mmoja baadaye wakauliza: Putin akiamua kumaliza vita wiki hii, utamuunga mkono? Asilimia 70, ndiyo. Akimaliza kwa kurudisha maeneo yaliyotwaliwa? Theluthi moja tu. Watu hawa hawana kiu ya vita, na hawataki kushindwa pia. Wanataka aliyeko juu aamue, halafu wao wakubaliane naye. Kundi la watafiti huru la Chronicles lilitafuta msimamo wa kweli kwa kuunganisha majibu: anaunga mkono vita, anapinga majeshi kurudi kabla ya malengo kutimia, na anataka bajeti ianze na jeshi. Wenye yote hayo walikuwa asilimia 22 mwezi Februari 2023, wakashuka hadi asilimia 12 mwezi Oktoba mwaka huohuo. Pima umbali kati ya 12 na 81.

Na tazama siku ambayo runinga ilishindwa. Tarehe 21 Septemba 2022 Putin alitangaza kuita wanaume 300,000 wa akiba. FOM, shirika linalofanya kazi kwa karibu na Kremlin, huuliza kila wiki kama watu wanaokuzunguka wana utulivu au wasiwasi. Wasiwasi uliruka kutoka 35 hadi 69 ndani ya wiki moja. Swali hilo halina sheria inayolilinda wala sentensi ya kukariri, na halikuulizi habari zako bali za wenzako. Kuunga mkono jeshi mwezi ule kulishuka pointi chache tu.

Sasa mradi wako. Kwa wahojiwa 120, orodha sahau. Sitini kwa sitini inakupa kosa la pointi 36 juu na chini: ukipata asilimia 40 ya waliowahi kuibia mtihani, umegundua kwamba ni kati ya 4 na 76, jambo ambalo hata mpishi wa kantini angekwambia bure. Njia ya sarafu ni nafuu zaidi. Kila mtu anarusha ya shilingi 200 akiwa peke yake. Ikitua Karume anaandika "ndiyo" hata kama ni msafi, ikitua simba anajibu ukweli. Ukipata "ndiyo" 84, toa 60 za Karume, zinabaki 24 kati ya 60, ndiyo asilimia 40 yako, na kosa ni pointi 16 hivi. Lakini ningekuwa mimi ningechukua boksi la viatu, nikalitoboa kifuniko, nikagawa vikaratasi vyenye visanduku viwili vya kutiki, bila jina, na kosa likashuka hadi 9. Kalamu ziwe za rangi moja, wasiandike neno lolote maana mwandiko unajulikana. Na wewe toka nje ya darasa, pamoja na mhadhiri wako.