Kuchora maumivu ya mgongo: anzia panapouma

Pole sana, dadangu wa Likoni. Wasema mgongo wakuuma mwaka wa tatu sasa, mumeo akuona mvivu, nawe wataka kuyachora maumivu lakini hujui uanzie wapi. Usichore uso unaolia. Huo watu wameuzoea. Chora mgongo wenyewe. Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, aliyeumia katika ajali ya basi mwaka 1925, alijichora mwaka 1944 kiwiliwili kimepasuliwa, ndani nguzo yenye nyufa badala ya uti wa mgongo, misumari mwili mzima. Mgongo wako wachoma au wadunga? Ikiwa wachoma, chukua kipande cha mkaa wa jikoni, sugua kwa kidole mpaka karatasi ichubuke. Siku mbaya chora umelala, dakika chache tu. (Dawa usiache, tafadhali!) Kisha mwonyeshe mumeo bila maelezo, aulize mwenyewe.