Nilikimbia hisabati, nikaikuta kwenye saikolojia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeanza mwaka wa kwanza wa shahada ya saikolojia. Kidato cha sita nilisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na sitaficha, nilikuwa naikimbia hisabati. Nilidhani huku tutasoma ndoto, hasira na mapenzi. Hii ni wiki ya nne tuko kwenye takwimu, na sapu, yaani mtihani wa marudio, naiona inakuja. Wenzangu wanasema ile namba ya takwimu iitwayo p ikiwa chini ya 0.05 maana yake matokeo ni ya kweli kwa asilimia 95. Ndivyo? Na je, nibadilishe kozi mapema?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba. Wenzako wamekosea, ila wasione haya. Kosa hilo nimelikuta hata kwenye tasnifu za uzamili.

Tuliache kwanza darasa twende kwa mama ntilie. Anadai akionja wali anatambua uliopikwa kwa mkaa na uliopikwa kwa gesi. Unamwekea sahani 8, nne za mkaa na nne za gesi, zimechanganywa, na yeye anajua ni nne kwa nne. Anachagua zile nne za mkaa bila kukosea hata moja. Je, anajua kweli au amebahatisha?

Njia za kuchagua sahani nne kati ya nane ni 70, na iliyo sahihi ni moja tu. Kwa hiyo asiyejua kitu angepatia zote kwa bahati mara 1 kati ya 70, yaani 0.014. Hiyo ndiyo p yako. Sasa angalia inaanzia wapi: inaanza kwa kusema "tuchukulie hajui kitu", kisha inauliza matokeo mazuri kama haya yangetokea kwa nadra kiasi gani. Haisemi kwamba mama anajua kwa asilimia 98.6. Haiwezi kusema hivyo, maana hesabu yote imefanywa ndani ya dhana kwamba anabahatisha. Mfano huu si wangu kwa asili. Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher aliutoa mwaka 1935 akitumia vikombe 8 vya chai ya maziwa. Wali nimeuongeza mimi.

Tuseme amepatia tatu za mkaa, akakosea moja. Watu wengi wangempigia makofi. Lakini njia za kupatia tatu ni 16, ukijumlisha na ile moja ya kupatia zote unapata 17 kati ya 70, karibu 0.24. Sahani moja tu imeharibika, na ushahidi umeyeyuka! Kaa na hesabu hii jioni moja, uifanye kwa kalamu. Ukiielewa, nusu ya muhula imekwisha.

Na 0.05, yaani mara 1 kati ya 20, ni mpaka tuliokubaliana tu, haukushuka kutoka mbinguni. Chukua watu 140 wasiojua lolote kuhusu mkaa na gesi, uwapime wote. Unaweza kutarajia wawili hivi wapatie sahani zote. Ukiwaandika hao wawili ukanyamaza kuhusu wale 138, umetengeneza "wataalamu" kutoka hewani. Mambo ya namna hiyo yaliigharimu taaluma yetu. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika zile za awali, asilimia 97 zilikuwa na p chini ya 0.05. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizofika hapo. Si kwamba watu wote walidanganya, hapana. Wengine walipima watu wachache mno, na majarida nayo yalipenda kuchapisha yaliyopatia tu.

Ndiyo sababu mnaanza na takwimu. Ndoto, hasira na mapenzi vitakuja, lakini hata mganga wa kienyeji ana maelezo ya ndoto, na ni maelezo matamu. Mjerumani Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, kazi kubwa ilikuwa kupima muda ambao mtu huchukua kuitikia sauti au mwanga. Inachosha kusoma, nakubali. Lakini hapo ndipo tulipoachana na wasimuliaji.

Kuhusu HKL, mbona unaiona mzigo? Kuna dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9: maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27, na mara nyingi anayefika 10 huangaliwa kwa karibu zaidi. Linatumika kwa Kiswahili pia. Sasa fikiria mgonjwa anayesema "nina mawazo". Mfasiri asiyeijua lugha ataandika kwamba mtu huyu anafikiri, basi. Wewe unajua kwamba huyo hafikirii tu, anaumia. Swali likifasiriwa vibaya, alama zinakuwa za uongo kabla hujagusa hesabu, na hakuna p itakayoziokoa. Walio hodari kwa hesabu darasani kwenu watakuhitaji hapo.

Kwa hiyo usibadilishe kozi kwa sababu ya wiki nne. Badilisha kama shida yako ni nyingine, kwa mfano kama ulitaka kuanza kutibu watu mara baada ya shahada hii. Shahada ya kwanza haikufanyi mtaalamu wa tiba; mafunzo ya kliniki huja baadaye, chini ya usimamizi.

Kwa sasa tafuta wenzako watatu, mkokotoe wastani na mtawanyiko wa alama kumi kwa mkono mpaka mchoke. Kisha pakueni JASP, ni programu ya takwimu ya bure, muiingizie alama zilezile muone kama mnapata jibu moja. Msipolipata, msikimbilie kuilaumu kompyuta. Na hizo sahani 8 za wali, mnaweza kuzijaribu kweli, ila mlipe.