Mtoto ametanguliza makalio: kisu si njia pekee

Dada, pole kwa hofu. Una wiki 36, makalio ya mtoto yako chini, na umeshaambiwa ujiandae kwa upasuaji. Nakuelewa, wangu wa pili alikaa hivyohivyo, kichwa kigumu kikinisukuma mbavu usiku kucha.

Kwanza ulizia kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo. Hufanywa hospitalini kuanzia wiki 36 au 37, na hufaulu kwa karibu nusu ya wanaojaribu. Wangu aligoma.

Kuzaa kawaida kunawezekana, ila si kwa kila mtu. Ultrasaundi ionyeshe miguu imekunjwaje, kidevu kimeinama au kimeinuka, na uzito. Akitanguliza nyayo, achana na kuzaa kawaida. Kamba ya kitovu inaweza kutoka kabla yake. Lakini swali kubwa ni hili: nani atakuzalisha? Tangu utafiti wa mwaka 2000 uliopendelea upasuaji, wenye ujuzi huu wamepungua. Muulize daktari ameshazalisha wangapi hivi, na kama chumba cha upasuaji kitakuwa tayari. Daktari wangu alibabaika, nikachagua kisu.

Chupa ikipasuka, nenda hospitali papo hapo hata kama uchungu haujaanza. Na usikubali mtu yeyote akugeuzie mtoto nyumbani.