Kukosa kazi hakumpi ruhusa ya kukupiga

Dadangu wa Nyalenda, pole sana. Umeuliza kama mume wako anakupiga kwa sababu alipoteza kazi. Mwanasosholojia William Goode aliandika mwaka 1971 kwamba asiye na pesa wala hadhi huweza kutumia nguvu ili aendelee kutiiwa nyumbani. Pana ukweli hapo, ila ni wanaume wangapi Kisumu hii wanalala bila kibarua na hawainui mkono?

Kinachonitia hofu zaidi ni watoto. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha kuwa watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere nao walimpiga, wakirudia hata maneno yake. Watoto wako pia wanatazama. Tafadhali piga 1195, nambari ya kusaidia wanaodhulumiwa, ni bure. Sheria ya Kenya ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani inakuruhusu kuomba mahakamani amri ya ulinzi, yaani amri ya kumzuia asikudhuru.