Wadogo zangu mnaoanza kuandika tamthilia za kutisha: zombi aje baadaye

Nikikaa na waandishi wapya na mazungumzo yakafika kwenye tamthilia za kutisha, wa kwanza kuletwa mezani ni zombi mwenyewe. Ametokea wapi, ameumwa na nini, damu itengenezwe vipi, hela ya mekapu itatosha? Mimi huwa nawarudisha nyuma. Niambieni kwanza hao watu walikuwa kwenye shughuli gani saa moja kabla hajaingia. Mkikosa jibu la hilo, zombi wenu atakimbiza watu tusiowajua, na mtazamaji atarudi zake kwenye simu.

Mfano ninaoutumia ni Dead Set, tamthilia ya Uingereza iliyoandikwa na Charlie Brooker na kuongozwa na Yann Demange. Kituo cha E4 kiliirusha usiku, siku tano mfululizo, kuanzia tarehe 27 hadi 31 Oktoba 2008. Wazo lake mnaweza kulisema kwa pumzi moja: nchi imevamiwa na mazombi, na wasio na habari ni washiriki waliofungiwa ndani ya jumba la Big Brother, shindano la televisheni ambalo washiriki wanarekodiwa muda wote na kutolewa mmoja mmoja hadi abaki mshindi.

Mchezo wenyewe wengi wetu tunaujua kupitia Big Brother Africa iliyoanza 2003, ile ambayo Watanzania wenzetu Richard Bezuidenhout (2007) na Idris Sultan (2014) waliibuka washindi. Kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza sheria zake, na Brooker naye hakuwa na haja ya kuwaeleza Waingereza. Hakuna simu, hakuna magazeti, kamera zimejificha nyuma ya vioo, na kuna sauti inayotoa amri bila mwenyewe kuonekana. Sheria hizo ziliwekwa kwa ajili ya burudani. Zisome upya kwa jicho la mwandishi wa kutisha, utaona kila moja ni mtego uliokwisha kutegwa. Uzio uliowekwa kuwadhibiti mashabiki sasa unawazuia wafu. Kutengwa na habari za nje, ambako ndiko utamu wa mchezo, sasa kunaweza kumuua mtu.

Itazameni sehemu ya kwanza mkiwa na kalamu mkononi. Ni usiku wa kumtoa mshiriki. Kelly, anayeigizwa na Jaime Winstone, ni yule binti wa kutumwa-tumwa kwenye uzalishaji: lete hiki, peleka kile, mwite fulani. Prodyuza wake, Patrick (Andy Nyman), ana mdomo mchafu na hana muda wa mtu. Kuna habari za ghasia huko mjini, na kinachomkera Patrick ni kwamba taarifa ya habari inaweza kumla muda wake wa hewani. Rudieni kuliangalia hilo. Maangamizi ya nchi nzima yanaingia kwenye hadithi kama ugomvi wa ratiba ya vipindi! Hakuna mwanasayansi aliyesimama kwenye ubao kutueleza virusi. Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo chochote cha televisheni anamjua Patrick, kwa hiyo anaamini kila kitu kinachofuata.

Kisha mazombi yanaingia kwenye umati ulio nje ya jumba. Watu wanararuliwa, mayowe yanapanda, na walio ndani hawana sababu ya kushtuka, maana usiku wa kumtoa mtu siku zote una makelele. Hapo hofu yote imebebwa na sauti ile ile inayosikika kwa maana mbili, upande huu wa ukuta na upande ule. Ninyi ambao bajeti yenu ni ya kuungaunga, mbinu hii ni yenu kabisa. Mtu wa sauti ni nafuu kuliko mekapu ya mazombi mia.

Patrick anaishia kujifungia chumbani na Pippa, mshiriki aliyetolewa usiku huohuo, huku zombi anayewavizia nje akiwa Davina McCall, aliyekuwa mtangazaji halisi wa Big Brother ya Uingereza wakati huo, aliyekubali kujiigiza mwenyewe. Mahitaji ya mwili hayasubiri, na Patrick anajisaidia kwenye pipa la takataka mbele ya binti wa watu. Waandishi wanaoanza wangempa hapo hotuba ya kutubu. Brooker hakumpa. Kazi ya Patrick ilikuwa kuwatumia watu na kuwatupa wakishaisha thamani, na hadi mwisho anaendelea na kazi hiyohiyo, ila sasa kwa miili.

Sasa suala la ruhusa. Dead Set ilitengenezwa na Zeppotron, kampuni iliyokuwa chini ya Endemol, wenye Big Brother yao. Ndiyo maana walipata nembo, mtangazaji, sauti ya Marcus Bentley, msimulizi wa Big Brother ya Uingereza, na hata washiriki wa zamani wa kweli. Ninyi hamtapata hayo, na msijaribu kupenyeza jina la kipindi cha mtu mkidhani hataona. Wabrazili walipoitengeneza upya kwa jina la Reality Z, iliyotoka Netflix 2020, walibuni shindano lao, Olimpo, ambamo washiriki wanavikwa uungu wa Kigiriki. Fanyeni hivyo. Andikeni kipindi chenu cha uongo kwenye ukurasa mmoja: zawadi ni nini, mtu anatolewaje, nani analala na ufunguo wa geti, jenereta inawekwa mafuta na nani na yanaisha saa ngapi. Kipimo changu ni hiki: je, ukiondoa mazombi, shindano hilo lingeweza kuuzwa kwa kituo cha televisheni likaeleweka? Kama haliwezekani, rudi ukaandike tena.

Lazima kuna atakayeuliza kama atumie misukule badala ya mazombi. Inawezekana, lakini ujue umebadilisha injini. Msukule ana mwenyewe, yupo mtu aliyemchukua na kumtumikisha. Maana yake kuna wa kumtafuta, wa kubembeleza, wa kulipiza kisasi, na hadithi itaelekea huko utake usitake. Zombi wa Brooker hana bosi wala sababu. Chagua mapema, usichanganye katikati ya msimu.

Ubishi wa kama zombi anakimbia au anajikokota utawamalizia muda. Simon Pegg, mwigizaji na mwandishi mwenza wa filamu ya mazombi ya Shaun of the Dead, aliandika mwaka huohuo wa 2008 kwamba mazombi wa Dead Set walikosea kukimbia. Mimi nasema tazama eneo lako: kwenye korido nyembamba na vyumba vichache, anayejikokota anakupa muda mwingi mno wa kufunga mlango.

Kazi ya wiki ijayo ni ramani. Chora jumba lako, ndani na nje: milango yote, njia za siri za wapiga kamera, chumba cha wahariri, choo, geti. Weka alama kila mhusika alipo dakika ile zombi wa kwanza anapoingia, na uandike pembeni yake alikuwa ametumwa nini na nani. Sipokei ukurasa wowote wa skripti kabla ya karatasi hiyo, na uoneshe geti linafungukia ndani au nje.