Wadogo zetu marubani wa rizavu, msisafiri kwenda beisi siku ya zamu

Kila darasa jipya likitoka mafunzoni, mambo ni yale yale. Kijana kapangiwa rizavu, yaani zamu za kungoja kuitwa, na beisi yake, uwanja anakoanzia kazi, ni Newark karibu na New York; mke na watoto wako Charlotte, Carolina Kaskazini, anatazama ramani na kusema si mbali, chini ya saa mbili hewani. Kweli si mbali. Kinachosumbua ni kiti, maana rubani anayejipeleka kazini hapandi kwa tiketi ya kulipia, anangoja kiti kibaki wazi.

Basi haya tena, kwa wasiosikia mara ya kwanza.

1. Fika beisi jana yake. Tuseme shotikoli yako, zamu ya kuitwa kwa notisi fupi, inaanza saa sita mchana, na mkataba unakupa saa mbili za kuripoti ukipigiwa simu. Usiku unafungua orodha ya viti: ndege ya saa kumi na mbili asubuhi ina tisa wazi, ya saa mbili ina sita, ya saa nne ina vinne. Unajiona mjanja, ndege tatu hizo, unalala kwako.

Alfajiri Newark kuna ukungu. Ndege ya kwanza inaongezwa mafuta ya kwendea uwanja wa akiba, uzito unabana, na vile viti tisa havipo tena kwa asiyelipa. Mtu wa jampusiti, kile kiti cha ziada kwenye chumba cha kuendeshea ndege, naye ni uzito, kwa hiyo unaweza kuachwa getini huku kiti kinaondoka kitupu. Ndege ya pili inafutwa, abiria wake wanamiminwa kwenye ya tatu. Hiyo ya tatu ina jampusiti moja, na marubani wanne wamejiandikisha kabla yako.

Saa sita na dakika kumi simu inalia. Hapa ndipo watu wanapojizika wenyewe. Mpanga ratiba anauliza uko wapi, nawe unajibu "nipo hapa hapa beisi," huku nyuma yako spika inawaita abiria wa Charlotte kwenda Orlando. Jina lako limo kwenye orodha ya wanaosubiri kiti, na kampuni inaweza kuliona. Kukosa safari ni alama mbaya, na malipo ya saa zake huenda yakakatwa. Uongo ukiwa bado kwenye mwaka wa majaribio ni kazi kwisha, na chama cha marubani hakina mengi ya kukufanyia. Piga simu wewe, ndege ya pili inapofutwa, wala usingoje saa sita. Sema: "Sitafika kwa wakati, ndege zangu ni hizi." Hifadhi picha za orodha ya viti ya usiku ule. Halafu soma kipengele cha marubani wanaosafiri kwenda beisi kwenye mkataba wako: vingi vinadai ndege mbili zenye viti wazi, zote za kufika kabla ya zamu, na vingine havimlindi mtu wa rizavu kabisa.

Na ukibahatika kufika? Umeamka saa tisa usiku. Chini ya Sehemu ya 117 ya kanuni za anga za Marekani, shotikoli pamoja na kazi yenyewe vinaweza kufika saa 16 tangu zamu ianze, yaani hadi saa kumi alfajiri ya kesho. Hapo umekesha saa 25, na kila mruko umethibitisha kwamba uko fiti. Safari yako ya kujipeleka kazini haihesabiwi kuwa kazi. Wanaoona hizi ni porojo wakumbuke ajali ya ndege ya Colgan Air, safari namba 3407 kutoka Newark, Februari 12, 2009, watu 50 walikufa karibu na Buffalo. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kupitia Memphis hadi Newark, akapumzika kwenye chumba cha wafanyakazi wa ndege pale uwanjani. Wachunguzi walisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inakaribia kukosa nguvu ya kuibeba hewani, lakini uchovu wa wote wawili haukuachwa nje ya ripoti.

2. Pesa. Tuseme krashipadi, malazi ya kuchangia karibu na beisi, dola 300 kwa mwezi, hoteli usiku mbili 260, maegesho nyumbani 80, usafiri wa mjini 100, chakula dola 20 kwa siku 18, yaani 360. Jumla 1,100, na ni baada ya kodi. Posho ya safari huanza ukiripoti kazini. Kukaa krashipadi ukiitazama simu hakuna posho. Gharama za kwenda beisi hazipunguzi kodi ya shirikisho, msidanganyane.

3. Mapumziko. Siku 12 za mapumziko kwa mwezi zikigawanywa mara nne, kila mara nusu siku inaliwa na kwenda nyumbani na nusu nyingine na kurudi. Zinabaki nane. Mwambie mwenzi wako nane, usimwambie kumi na mbili.

4. Jampusiti ni hisani ya kapteni. Omba mwenyewe, uso kwa uso, nguo nadhifu, kitambulisho, leseni na cheti cha afya mkononi.

5. Krashipadi: lipia kitanda chako mwenyewe, ikiwezekana cha chini kwenye dabodeka. Kitanda moto, cha anayewahi kukishika, ni nafuu mpaka usiku mnapojikuta sita kwa vitanda vinne. Usiwashe taa kubwa. Na yule mla wali wa watu frijini, tunakujua.

6. Ukongwe wako kazini ukiruhusu, omba longikoli, zamu ya kuitwa kwa notisi ndefu. Notisi ya saa 12 inakuwezesha kukaa nyumbani, mradi ndege ya mwisho ya jioni isiwe imeshaondoka simu inapolia. Angalia pia kama mkataba unawaruhusu kukugeuza kuwa shotikoli. Na kama kampuni ina beisi mjini kwako, weka ombi la kuhamia leo, hata kwenye ndege ndogo. Saa 75 za uhakika kwa mwezi zikilipwa dola 10 pungufu kwa saa, unapoteza dola 750, kabla ya kodi, wakati kusafiri kwenda beisi kunakula zile 1,100 baada ya kodi.